Msiba Ulioingia kwenye Ratiba

Mchungaji wetu; Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Sigino; Mwenyekiti wetu; wazee wa ukoo; Mama Neema na watoto wako; wanakikundi wenzangu wa utalii; majirani na ndugu zangu wote mliokusanyika hapa: nawasalimu kila mmoja kwa heshima anayostahili, na wakubwa wangu nawaamkia, shikamooni.

Nimeombwa kusema machache kwa niaba ya ofisi yetu ya utalii wa kitamaduni pale mjini Babati, kwa kuwa mimi ndiye meneja wake, na marehemu alikuwa mwongoza watalii wetu wa kwanza. Msalaba umesimikwa, ibada imefanyika, mwaka umetimia. Nilitaka kuandaa hotuba. Kila nilipoketi kuiandika nilijikuta namwandikia yeye, na mwishowe nikaacha kubishana na kalamu. Naomba ruhusa yenu niisome barua hiyo kama ilivyo. Mama Neema ameshaisikia jana jioni na amenikubalia. Nikimaliza kuzungumza na marehemu nitarudi kwenu, kwa sababu lipo jambo ambalo yeye hawezi tena kulitekeleza.

Baba Neema,

Shikamoo. Ungeitikia, "Marahaba, meneja wangu," kisha ungecheka, maana ulifurahi sana kuwa na bosi anayekuamkia. Wageni walipotuuliza nani kati yetu ni mkubwa, ulikuwa unawaambia kwamba ofisini ni mimi, njiani ni wewe, na nyumbani ni Mama Neema, na kwamba kati ya hao watatu ni mmoja tu anayeogopwa.

Nikupe kwanza habari nyepesi, kama ulivyopenda. Maji ya ziwa yamepanda, na njia yetu ya kando ya matete tumeisogeza juu, karibu na mashamba. Yule kiboko uliyekuwa ukiwaambia wageni kwamba ni mpangaji asiyelipa kodi bado yupo. Vijana wanautumia mzaha wako, ila hawajui kunyamaza wakishausema, na wageni hawacheki. Hamisi dereva amebadilisha viti vya gari na hataki kuona mtu akila mahindi ya kuchoma ndani yake. Ungekuwepo ungekuwa umeshayala. Neema amepata kazi ya ualimu Kondoa. Shamba lako la mbaazi lililimwa na jirani, kwa sababu Mama Neema hajashika jembe tangu uondoke.

Hapo ndipo habari nzito inapoanzia, na sijui niielezeje bila kukuhuzunisha, kama waliokufa huhuzunika.

Unaikumbuka safari uliyoibuni mwenyewe: asubuhi ziwani, kisha kupanda Sigino, kisha chakula cha mchana nyumbani kwako. Mama Neema alikuwa akiwapa wageni mwiko wajaribu kusonga ugali, wakishindwa anawapokonya na kuwaambia wataliaibisha sufuria. Nilikuwa natafsiri hayo, wageni wanacheka, na yeye anacheka zaidi yao. Katika kazi hii nimeona hoteli nyingi na meza nyingi zilizopambwa. Sijaona meza iliyowafurahisha wageni kuliko ile yenu isiyo na kitambaa.

Majuma machache baada ya kukuzika, walifika ofisini mume na mke, wazee, ambao uliwatembeza zamani. Walikuwa wamerudi kwa ajili yako. Niliwapa habari. Yule mama alishika ukingo wa meza yangu akaomba apelekwe kwa wafiwa, nami nikawaleta hapa. Mama Samweli, jirani yako wa mpakani, aliliona gari likipanda, akaacha jembe shambani, akajifunga kanga, akawaita wenzake. Ndivyo tulivyolelewa. Anayekuja kutoa pole baada ya mazishi hapewi habari kwa mkato mlangoni. Anawekewa kiti, majirani wanaketi naye, na mfiwa anamweleza tangu mwanzo: marehemu aliamkaje, alisema nini, alikata roho saa ngapi. Mama Neema akaeleza. Mimi nikatafsiri. Yule mzee alilia akiwa amejifunika uso kwa kofia, na tulipoagana kila mtu alikuwa mwepesi kidogo kuliko alivyokuja.

Kundi lililofuata halikukujua. Walikuwa wageni wa kawaida waliopanga safari yao wewe ukiwa hai, nami nilimuuliza Mama Neema kama ataweza kuwapikia. Akasema ataweza, kupika kungemsaidia. Nikayafikiria yote, mboga, kuni, nani atamsaidia kubeba maji. Gari sikulifikiria. Ukitazama kutoka mashambani, gari la watu waliokuja kutoa pole na gari la watu waliokuja kula ni gari moja.

Tulipofika, viti vilikuwa vimeshapangwa na wamama wameketi kwenye mikeka. Wageni walipoona watu wametulia namna ile, wakavua kofia wakaketi, wakidhani ndivyo chakula kinavyoanza huku kwetu. Mama Samweli akaanzisha wimbo. Mama Neema akatoka jikoni akijifuta unga mikononi, akawaona wageni walivyokaa kwa adabu, akaketi mbele yao, akasema, "Aliamka vizuri tu siku hiyo."

Baba Neema, ningesema nini? Niwaambie watu walioacha palizi kwamba hawa hawakuja kwa ajili ya msiba? Niwaambie wageni waliokwisha kuinamisha vichwa kwamba hii haimo katika safari yao? Upande wowote ambao ningeufungulia mdomo, ningeuaibisha. Nilisimama katikati nikatafsiri. Nikasema kwa Kiingereza kwamba uliamka vizuri tu siku hiyo.

Tangu hapo ikawa hivyo kwa kila kundi.

Usidhani nilikaa tu. Nilimwomba Hamisi aliache gari kule chini barabarani, tukapanda na wageni kwa miguu. Majirani wakasema hawa wana uchungu kweli, hata wametembea, na siku hiyo walikuja wengi kuliko siku zote. Nilikwenda kwa Mama Samweli kumweleza taratibu kwamba wengine hawakukufahamu. Alinitazama kwa huruma akasema, "Meneja, mtu akiingia msibani, wewe unamuuliza kama amekuja kweli?" Nikahamishia chakula Bagara, kwenye nyumba nyingine. Wageni wakawa wanamuuliza Petro, kijana wetu anayewaongoza, mbona hawapelekwi kwenye nyumba ya yule mwongozaji aliyefariki, maana walikuwa wameshasoma habari zake mtandaoni. Na Mama Neema alishuka mjini mwenyewe, akaketi ofisini kwangu na mkoba wake mapajani, akauliza amekosea nini. Nikamrudishia wageni.

Na hiki ndicho nisichoweza kukisema bila kusimama kidogo.

Mwanzoni alikuwa akieleza kama mtu anayepapasa gizani. Anasahau, anarudi nyuma, anabishana na Mama Samweli kama mvua ilikuwa imeanza au bado. Ulitoka shambani ukasema kifua kinakubana. Ukaomba maji ya moto. Ukasema ni baridi tu, itapita. Kadiri makundi yalivyopita, hadithi ikanyooka. Akajua pa kusimama. Anasema sentensi moja, ananitazama, ananisubiri. Nikimaliza, anaendelea na nyingine. Yale mabishano ya mvua yameondoka. Na wamama, Baba Neema, siku hizi wanalia nikishamaliza mimi, na hakuna hata mmoja wao anayejua Kiingereza.

Alikuja kijana mmoja, mpole, aliyeguswa kwelikweli. Mama Neema alipomaliza, yule kijana aliinua mkono kama mwanafunzi. Aliomba, kwa adabu kabisa, turudie kidogo pale ulipoomba maji ya moto, kwa sababu simu yake ilikuwa imezima na haikurekodi. Mama Neema akaniuliza anasema nini. Nilitafuta uongo sikuupata, nikamweleza. Akasema, "Basi turudie, ametoka mbali." Akarudia. Maneno yale yale. Na sauti yake ikakatika mahali pale pale ilipokatika mara ya kwanza.

Neema alikuwa amekuja likizo. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na alikuwa ameona yote. Wageni walipokwenda kunawa, aliniita nyuma ya nyumba. Unamjua binti yako, hapandishi sauti. Aliniuliza, "Dada, baba mmemzika mara ngapi?"

Nimesomea kazi hii. Nilifundishwa namna ya kumtuliza mgeni aliyekasirika, namna ya kupanga upya safari iliyoharibika, namna ya kusikiliza malalamiko. Hapa hakuna anayelalamika. Wageni wanaondoka wakisema hawajawahi kupokewa vile popote. Majirani wanatimiza wajibu wao. Mama Neema hakatai. Vijana wana kazi. Kila mmoja, ukimchukua peke yake, anatenda wema, na wema huo wote ukikusanyika uani kwako unamkalisha mke wako kwenye mkeka wa msiba, na hakuna anayejua namna ya kumwinua.

Kisha wakala wetu wa Arusha, anayetuletea makundi makubwa, akaandika. Aliandika kwa heshima. Alisema wageni wake wameguswa sana, na anaomba msimu ujao kipindi cha maombolezo kiingizwe rasmi kwenye ratiba, kabla ya chakula. Aliuliza pia kama wamama wangeweza kuvaa kanga zinazofanana.

Nilikisomea kikundi ujumbe huo. Ungekuwepo ungeuharibu mkutano kwa mzaha mmoja na tungejua la kufanya. Petro, ambaye sasa ndiye mkubwa wa waongozaji, alisema, "Hatujamwambia mtu alie. Wanalia wenyewe." Wengine wakasema tukimkataa wakala atapeleka makundi mji mwingine, na msimu ukipotea haurudi. Hamisi alikuwa mlangoni anasikiliza, maana dereva huwa hapigi kura. Akasema, "Kwetu Waislamu eda ina mwisho. Ikiisha, mjane anatoka, anaishi. Huyu mama mmemwekea eda isiyoisha, na mimi ndiye ninayewaleta wa kuianzisha upya."

Petro akamwambia, "Wewe Hamisi, endesha gari."

"Naendesha," akasema Hamisi. "Ndiyo maana ni mimi ninayeuona uso wake gari likisimama. Nyinyi mnakuwa mnashusha wageni."

Wanakikundi wakaniachia mimi niamue, kwa kuwa mimi ni meneja. Nikapanda Sigino kumuuliza mwenyewe.

Nilimkuta anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikaketi nikamsaidia, kisha nikamweleza ombi la wakala. Nilitarajia atakasirika, au atalia, au atasema asante. Alisema hivi, na naandika kama alivyosema: "Wewe unajua alivyokufa. Mama Samweli anajua. Mchungaji anajua. Nikianza kumtaja mnaniambia, Mama Neema, tumwachie Mungu. Wageni hawajui. Wakija napata mtu wa kumwambia." Nikamuuliza kama basi waendelee kuja. Akapepeta ungo wake. Akasema, "Na siku gari lisipokuja, napata usingizi."

Nikamuuliza anataka nini hasa kati ya hayo mawili. Akasema, "Amua wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Baba Neema, hiyo si kazi yangu. Hakuna aliyeniajiri kuamua kiasi cha machozi ya mtu. Nikiwazuia wageni, namnyima watu pekee wanaomsikiliza. Nikiwaruhusu, nakuua tena mbele yake kila gari linaposimama, kwa lugha mbili. Nimekesha na hili, nimeliombea, nimemwandikia wakala nikafuta, nimeandika tena. Kila njia niliyoishika mwisho wake nilimkuta yeye peke yake: uani na watu wengi, au uani bila mtu.

Nakukumbuka siku moja tukitoka ziwani. Mgeni mmoja mzee alikuwa amechoka, wenzake wametutangulia, na mimi nilikuwa natazama saa kwa wasiwasi kwa sababu chakula kilikuwa kinatusubiri. Wewe ulikaa chini kwenye nyasi kama mtu mwenye siku nzima, ukaanza kumuuliza habari za wajukuu wake. Nilipokukonyeza kwamba tunachelewa, ulinijibu kwa Kiswahili bila kugeuka, "Meneja, ratiba ni yako, mtu ni wangu." Nilikasirika. Ulikuwa umenishinda cheo mbele ya mgeni, ingawa hakuelewa neno. Leo natamani mtu aje aniambie tena maneno hayo, achukue mtu, aniachie ratiba. Hakuna. Vyote viwili vimebaki mikononi mwangu na sijui kuvibeba pamoja.

Nimeamua. Sisemi nimeamua vizuri. Nimeamua kwa sababu msimu unaanza na gari litawashwa, na nisipoamua mimi, ratiba itaamua. Kama nimekosea, sitakuwa na wa kuniambia, na hilo linanitisha kuliko lawama zote za kikundi.

Nakuaga, Baba Neema. Tulikuaga kanisani, tukakuaga kaburini, na tangu hapo tumekuaga kwa kila basi dogo lililotoka Arusha, hata neno lenyewe limeisha makali. Leo nakuaga kwa lugha yetu peke yake. Nenda. Pumzika ulale usingizi ambao hakuna mtu atakayekuomba uurudie. Nami nakuahidi kitu kimoja, kidogo, kilichomo ndani ya uwezo wangu: kifo chako sitakitafsiri tena. Wageni wakiniuliza, nitawaeleza ulivyokuwa ukitembea.

Mimi, meneja wako.

Mchungaji wetu, Mheshimiwa Diwani, wazee, ndugu zangu: sasa narudi kwenu.

Nimemjibu wakala kwamba hatutaweka msiba kwenye ratiba. Hajajibu, na wanakikundi wajiandae kwamba huenda makundi yake hayatakuja. Kuanzia kesho gari la wageni halitapanda hadi nyumba hii kwa ajili ya chakula, wala kwa miguu hatutawaleta. Atakayekuja ni yule tu aliyemfahamu marehemu kweli, nami nitamleta mwenyewe, bila simu za kurekodi, siku ambayo Mama Neema ataichagua. Mama Samweli, na wamama wote mlioacha mashamba yenu mara zote hizo, nawashukuru kwa moyo wangu wote. Mlitenda kilicho chetu. Nawaomba mkiliona gari barabarani msiinuke tena.

Hilo lilikuwa langu, nimelimaliza. Lililobaki siliwezi. Nimewaondoa uani kwake watu waliokuwa wakimuuliza habari za mume wake, na siwezi kuagiza wengine kutoka Arusha. Sisi hapa tunaijua habari yote, na ndiyo maana hatumuulizi. Naomba tumuulize. Mtu mmoja kwa siku, aje bila wimbo, bila kupangiwa kiti, ashike ungo au jembe, na amwache amtaje Baba Neema anavyotaka, hata kama ni kubishana habari za mvua. Kama hatuwezi, semeni hapa hapa, ili kesho nimwagize Hamisi awashe gari, kwa sababu wageni walau wanasikiliza.

Mchungaji, najua zamu iliyobaki ni yako ya kufunga kwa sala. Nakuomba, kwa heshima yote, usifunge kwanza. Tusiinuke hapa mpaka lijibiwe. Mama Neema ameketi pale, anatusikia.

Kesho ni nani anakuja?